Alama za Chumba cha Nyuma

Jeconia Onditi alikuwa fundi wa mawe, na katika miaka yake kumi na sita ya kufanya kazi Thika na Ruiru hakuwahi kupewa kazi aliyoipenda kama ile ya Boma la Mawe. Kazi zake nyingine zote zilikuwa za kujenga vitu vipya: maghala ya kahawa, nyumba za makarani, vyoo vya wafanyakazi wa mashamba ya mkonge. Mwaka wa 1957, mvua za masika zilipokatika, kwa mara ya kwanza aliitwa kuifufua nyumba ambayo watu wengine walikuwa wameijenga zamani.

Boma lilisimama kando ya barabara ya kutoka Ruiru kwenda Thika, juu ya kijilima chenye nyasi. Lilikuwa ofisi ya kwanza ya serikali upande ule. Hapo ndipo watu walipoleta kodi ya kibanda, ndipo kesi zilipokatwa, na ndipo waliokosa walipofungiwa. Ofisi ilipohamishiwa mjini jengo likageuzwa ghala la magunia, kisha mabati yakatoboka, magunia yakaondolewa, popo wakaingia. Serikali ilikuwa karibu kulibomoa, lakini walowezi wachache wakaunda kamati wakaomba lihifadhiwe. Liwe mahali pa kumbukumbu, walisema, watu wote waje waone jinsi nchi ilivyoanza.

Jeconia hakuwa na neno na kamati. Yeye aliyatazama mawe. Yalikuwa yamechongwa kwa mkono, yakakaliana bila kulazimishwa, na chokaa iliyoyashika ilikuwa ya kuchomwa na kulowekwa, si saruji ya haraka. Jioni ya siku ya kwanza alirudi nyumbani akamsimulia mkewe Selpha habari za pembe za kuta zile mpaka mboga zikapoa.

"Baba Aoko," Selpha akamwambia, "leo umeniletea mke mwenzangu."

Kazi ilisimamiwa na nyapara mmoja Mkamba aitwaye Kaleli, mtu aliyewahi kuwa askari huko Burma na ambaye bado alitembea kama anahesabiwa hatua. Juu yake kulikuwa na Bwana Pettifer, afisa kijana aliyejifunza Kiswahili kitabuni na kukisema taratibu, kila neno mahali pake. Pettifer alimpenda fundi huyu. Mara nyingine alivua kofia akachuchumaa naye chini kabisa, wakichunguza kipande cha chokaa ya zamani kama watu wawili walioangusha sindano.

Wiki ya tatu Jeconia alifika kwenye chumba cha nyuma. Kilikuwa kirefu, cheusi kwa moshi, chenye dirisha moja dogo la vyuma. Ukutani kulikuwa na tabaka juu ya tabaka ya chokaa iliyopakwa ovyo miaka na miaka. Alichukua brashi ya waya akaanza kuibandua, na chini yake akaona michoro. Kwanza alidhani ni nyufa. Lakini ufa haupindi hivyo, wala hauzunguki ukajirudia. Kulikuwa na duara lenye mistari miwili chini yake. Kulikuwa na pembe mbili zilizotazamana. Kulikuwa na vitone vitatu na mkato. Alama zote zilikwaruzwa kwa kitu cha ncha kali, kati ya kifua na kichwa cha mtu mzima, kila moja ikiwa imeachiwa nafasi yake.

Kaleli alichungulia mlangoni. "Wafungwa hao," alisema. "Mtu akikosa kazi anakwaruza ukuta. Endelea."

Jeconia akaendelea, lakini alibadilisha brashi. Akachukua ile ya nywele.

Maji ya kazi yaliletwa na wanawake. Siku hizo za hali ya hatari, serikali ikipigana na wapiganaji wa msituni, Wakikuyu wa upande ule walikuwa wametolewa mashambani mwao na kukusanywa katika vijiji vilivyozungukwa na handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Kila asubuhi homugadi, walinzi weusi wa serikali, waliwatoa wanawake kwenda kazi ya lazima: kuchimba matuta, kufyeka barabara, na sasa kuchota maji mtoni kwa ajili ya Boma. Walipanda mlima wameinama, debe mgongoni, ukanda wa ngozi kipajini, wakamimina maji kwenye pipa na kuteremka tena.

Mmoja wao, mwanamke mwembamba wa miaka kama hamsini, aliingia na debe lake kwenye chumba cha nyuma kwa sababu pipa la nje lilikuwa limejaa. Alimimina, akainua macho, akasimama. Aliutoa ukanda kipajini polepole, akaliweka debe chini.

"Nani amefungua hii ukuta?" aliuliza.

"Ni mimi, mama. Nasikia ni uchafu wa wafungwa tu."

"Si wafungwa." Alienda moja kwa moja hadi chini ya dirisha, akaweka kidole kwenye lile duara lenye mistari miwili. "Hii ni ya baba yangu. Wainaina."

"Alijua kuandika?"

"Kuandika nini?" Alimtazama kama mtu anayeulizwa swali la kitoto. "Hii ni alama ya mizinga yake ya nyuki. Kila nyumba ilikuwa na yake. Mzinga ukiibiwa, ukionekana kwa mtu, unaangalia alama, unajua ni wa nani. Hata ng'ombe walichomwa hiyo hiyo."

Jina lake lilikuwa Wakonyo. Alizungumza haraka, akitupia macho mlangoni. Mwaka ule wa vita vya Mjerumani, alisema, alikuwa msichana mdogo, meno ya mbele ndiyo yametoka. Askari walikuja wakachukua wanaume wa kubeba mizigo ya vita. Wakafungiwa humu siku nne wakingojea gari la moshi. Mama yake alimtuma na viazi vitamu, naye akavipitisha kwenye vile vyuma kimoja kimoja, kwa sababu kikapu hakikupita. Baba yake alikuwa na msumari mkononi. Alimwambia, kamwambie mama yako nimejiandika hapa, kama mtu atauliza nilipitia wapi.

"Akaenda?"

"Wote wakaenda. Kwetu hakurudi mtu. Hakuna aliyekuja kusema amekufa, amekufa wapi, na nini. Sasa mama alikuwa alie siku gani? Hatukulia. Tulikaa tu." Kidole chake kilikuwa tayari kimeshaondoka kwenye duara, kinatembea ukutani. "Huyu ni wa nyumba ya Gichuru. Hawa wa pembe na pembe ni ndugu wawili. Huyu alikuwa mfupi, ona alama iko chini. Huyu wa vitone alikuwa ameoa mwezi huo. Ngai, huyu pia!"

Nje homugadi alipiga kelele. Wakonyo akajitwika debe tupu akatoka.

Jeconia alibaki na brashi mkononi. Alisoma Biblia kwa Kijaluo na gazeti kwa Kiswahili, na Kiingereza alikifuata kiasi. Siku tatu alikuwa ameutazama ukuta ule asisome hata jina moja, na mwanamke asiyejua herufi akausoma kama karatasi. Akakumbuka kwamba kwao pia, Ugenya, mjomba wake alichukuliwa vita hivyo hivyo, na nyumbani kwa mjomba huyo hakukubaki hata mkwaruzo.

Mchana huo alimwita Bwana Pettifer. Afisa aliupitia ukuta kutoka kona hadi kona, mikono nyuma.

"Hizi ni saini," alisema mwishowe.

"Ndiyo, bwana. Ni watu."

"Kamati itataka ushahidi. Huyo mama anajua majina? Lete majina, Onditi. Majina yakiwepo nitaweza kusema kitu."

Jeconia aliona njia imefunguka. Alichukua daftari la shule la binti yake Aoko lililobaki nusu tupu, na kwa siku tano, kila Wakonyo alipoingia na maji, aliandika. Alichora alama, na kando yake akaweka jina, jina la baba, na kijito au kilima ambako nyumba ile ilikuwa. Wakonyo alisema akiwa ameinama juu ya pipa, bila kumtazama. Wakati mwingine alikuja na jina alilouliza usiku uliopita kwa vikongwe wa kijijini. Alama zilikuwa tisini na tatu. Walipata majina sitini na moja.

"Utawaambia wasipake chokaa?" Wakonyo aliuliza siku ya mwisho.

"Bwana Pettifer atawaambia. Ni mtu mzuri."

Na kweli Pettifer alipolipokea daftari uso wake ulichanua. Alilifungua palepale barazani, akaligeuza ukurasa kwa ukurasa. "Hii ndiyo historia hasa," alisema. Jeconia alirudi nyumbani akiwa mwepesi miguuni, akamwambia Selpha kwamba ukuta umepona.

Kamati ilikuja Jumamosi. Walikuwa watano, wakiongozwa na Bibi Lorimer, mjane mwenye shamba la kahawa, ambaye ndiye aliyeandika barua nyingi zaidi za kuliokoa jengo. Aliipapasa mihimili, akasifu mawe, akamsalimia Jeconia kwa jina. Lakini pamoja nao alikuwemo bwana mmoja mwenye kaptura na bastola kiunoni, mlowezi aliyejitolea kwenye kazi za usalama. Huyo alipoingia chumba cha nyuma hakuangalia mawe. Aliziangalia alama moja moja, na shingo yake ikawa nyekundu.

"Vitu hivi nimeviona msituni," alisema. "Kwenye miti, wanakopita magaidi. Nani amevisoma?"

Pettifer alieleza. Alieleza vizuri, kwa sauti iliyozidi kupungua. Yule bwana akanyoosha mkono, na Pettifer, baada ya kusita kidogo, akampa daftari.

Jeconia alikuwa mlangoni, mwiko mkononi. Alijua kwamba akinyamaza itakuwa imekwisha, akasema, "Ni alama za mizinga ya nyuki, bwana. Za mwaka wa kumi na saba, vita vya Mjerumani."

Yule bwana aligeuka. "Wewe ulikuwepo mwaka wa kumi na saba?"

"Hapana, bwana."

"Basi."

Daftari likaingia mfukoni mwa kaptura.

Jumatatu wanawake walipanda na maji, na Wakonyo hakuwamo. Jeconia aliuliza yuko wapi. Wanawake waliokuwa wakimsalimia walimimina maji wakiangalia pembeni. Siku ya tatu msichana mmoja, Waceke, alisema huku akijifunga ukanda, kama anayesema na debe, "Wamemchukua yule wa kitabu."

Yule wa kitabu. Jeconia aliketi juu ya mfuko wa chokaa. Yeye ndiye aliyeleta kitabu. Yeye ndiye aliyemwuliza jina, akamwuliza na kijito.

Alikwenda kwa Pettifer, akavua kofia. Afisa alikuwa akipanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika tayari.

"Nimeandika barua," Pettifer alisema. "Si idara yangu, Onditi. Unaelewa? Nimeandika barua mbili."

"Na daftari, bwana?"

"Wanalo wao."

Mara tatu Jeconia alikwenda mwenyewe hadi lango la kijiji, baada ya kazi, akiwa amevaa koti lake la kanisani. Mara ya kwanza aliambiwa afisa hayupo. Mara ya pili aliwekwa juani mpaka jua likachwea. Mara ya tatu homugadi aliichukua pasi yake, akaisoma juu chini, akamwuliza, "Wewe Mjaluo, shida yako na huyu mama ni nini? Ni wako?"

"Si wangu. Ni mimi nilimwandika."

"Basi ukitaka, tunaweza kukuandika na wewe."

Akarudishiwa pasi. Akaenda zake. Njiani alijitafutia maneno ambayo angeweza kuyasema, akayapata mengi, na hakuna hata moja ambalo lingemfungulia mtu lango.

Ndani ya siku hizo amri ikafika: chumba cha nyuma kipigwe plasta na kupakwa chokaa nyeupe. Patatundikwa picha za maafisa wa kwanza, na katikati kuwekwe meza ya zamani ya ofisi. Jeconia alijifanya hajasikia. Alimaliza paa, akamaliza baraza, akarekebisha ngazi ambayo haikuwa na kasoro. Kisha akamwendea Pettifer na wazo. Tuufunike kwa mbao, bwana. Picha zitatundikwa juu ya mbao. Siku moja mambo yakitulia mbao zinaweza kutolewa. Pettifer alilipenda wazo, akalipeleka. Baada ya siku mbili alirudi akatikisa kichwa kabla hajashuka garini.

"Onditi," Kaleli akamwambia jioni ile, wakiosha vyombo vya kazi, "mimi si mtu mbaya. Lakini kuna fundi Barasa pale Ruiru anangojea nafasi yako, na yeye hataleta maswali. Na ile nyumba unalala ni ya serikali."

Nyumbani Selpha alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumlaumu. Aliuliza jambo moja tu.

"Ukikataa, ukuta utabaki?"

Jeconia alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu kabisa, kama anayepima ukuta kwa timazi. "Hapana," alisema.

Aoko aliomba daftari lake la hesabu, mama yake akamwambia litanunuliwa lingine.

Asubuhi Jeconia alikoroga plasta, ya chokaa nyingi na mchanga mwembamba. Alikuwa na siri moja moyoni. Ukuta unaotaka plasta ishike huchongwachongwa kwanza kwa nyundo, uwe na makovu ya kushikia. Yeye hangeuchonga. Angeupaka juu juu, alama zikae chini zikiwa nzima, hata kama ni kwa miaka mia. Alikuwa ametia mwiko wa kwanza tu Kaleli alipoingia, akapitisha kiganja ukutani.

"Hii haijachongwa."

"Itashika."

"Haitashika, na unajua. Ikianguka siku ya sherehe ya ufunguzi, ni kichwa changu na chako. Chonga."

"Kaleli, ndugu yangu."

"Chonga, fundi. Nimesimama hapa."

Akachukua nyundo ya ncha. Akaanzia kona ya mbali, pasipokuwa na alama, akaupiga ukuta kidogo kidogo, akijaribu kupita kati ya alama na alama. Kaleli alimwonyesha kwa kidole mahali alipopaacha. Zile pembe mbili zilizotazamana zikaondoka kwa mapigo manne.

Ndipo maji yalipofika, na aliyeyaleta alikuwa Wakonyo.

Alikuwa amekonda zaidi. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimefungwa kitambaa, na alilituliza debe kwa kiwiko. Siku kumi na tisa alikuwa ameshikiliwa. Jeconia alishusha nyundo. Alitaka kusema nisamehe, lakini Kaleli alikuwepo, homugadi alikuwa mlangoni, na neno lenyewe lilikuwa dogo mno.

"Mama," alisema.

Wakonyo alimimina maji kwenye pipa la plasta. Hakumwaga hata tone. Kisha akatazama chini ya dirisha, ambako duara lilikuwa bado zima.

"Usipige polepole, fundi," alisema. "Polepole ni vibaya zaidi."

Akatoka. Jeconia akapiga. Machozi yalimtoka na vumbi likayashika usoni, na Kaleli, mtu wa Burma, akageuka akatazama nje. Kufikia adhuhuri ukuta wote ulikuwa umejaa makovu ya nyundo. Kufikia jioni ulikuwa umefunikwa.

Sherehe ilifanyika mwezi wa kumi. Bendera ilipandishwa, kibao cha shaba kikafunguliwa, na wageni wakapita chumba kwa chumba. Bibi Lorimer alisema katika hotuba yake, na sauti yake ikatetemeka kwa hisia za kweli, kwamba nyumba hii sasa ni mali ya watu wote wa wilaya, milele. Pettifer hakuwepo, alikuwa amehamishiwa pwani. Mafundi walipangwa mstari barazani wakapigwa picha. Kisha Bibi Lorimer akamshika Jeconia mkono, akampeleka chumba cha nyuma kwa wageni wawili kutoka Nairobi, akawataka wauguse ukuta.

"Laini kama yai," alisema. "Waambie ulivyofanya, Onditi."

Akawaambia. Aliwaeleza kiasi cha chokaa na kiasi cha mchanga, na jinsi ukuta unavyolowanishwa siku nne usikauke haraka. Aliisikia sauti yake ikieleza vizuri, kama ya mwalimu. Wageni waliitikia kwa vichwa, wakaenda kunywa chai.

Magari yalipoondoka wanawake waliruhusiwa kuingia ili wafagie. Mpaka saa hiyo walikuwa wamekalishwa nyuma ya ua, chini ya ulinzi. Wakonyo aliingia chumba cha nyuma na ufagio. Walikuwa wawili peke yao, na maafisa wa kwanza wakiwatazama kutoka kwenye fremu zao.

"Ilikuwa wapi?" aliuliza Wakonyo kwa sauti ya chini.

Jeconia alikuwa ameupima ukuta ule kwa futi mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka. Alienda dirishani, akahesabu shubiri kutoka kwenye vyuma, akagusa. "Hapa."

Wakonyo alitazama. "Hapana. Ni chini kidogo. Na huku."

"Hapa?"

"Sijui. Labda pale ulisema kwanza."

Walisimama, kila mmoja mkono wake juu ya weupe ule, wakisogeza vidole huku na huku. Homugadi akaita kutoka nje. Wakonyo akauchukua ufagio, akaanza kufagia.